Mke na mume wakikimbia pamoja, nani apunguze mwendo?

Mke na mume wanaoanza mazoezi ya kukimbia pamoja mara chache hukwaruzana wiki ya kwanza. Siku hizo kila mtu anahema, kila mtu anajicheka, na wakirudi nyumbani wote wawili wanalalamikia mapaja. Mikwaruzano huja baadaye, wiki ya sita, ya saba au ya nane, wakati ambao mtu angedhani kazi kubwa imeshaisha.

Mara nyingi chanzo si tabia ya mtu. Ni jinsi mazoezi yenyewe yanavyopangwa.

Programu inayojulikana sana ya wanaoanza kukimbia inaitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5. Iliandaliwa mwaka 1996 na Josh Clark, Mmarekani aliyekuwa na miaka 25 wakati huo, akimfikiria mama yake. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, nayo inaitoa bure kwenye simu. Ratiba yake ni rahisi kunakili, hivyo hata mtu asiyetaka kukimbia na simu anaweza kuiandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji na kubaki na mahitaji mawili tu: raba na saa.

Ni wiki 9, siku 3 kwa wiki, na kila siku huanza kwa dakika 5 za kutembea haraka haraka. Wiki ya kwanza mtu anakimbia sekunde 60, anatembea sekunde 90, anarudia hivyo hadi dakika 20 ziishe. Wiki ya nne anafikia kukimbia dakika 5 mfululizo. Kisha wiki ya tano, siku ya tatu, karatasi inamwambia akimbie dakika 20 bila kutembea hata hatua moja. Wengi huisoma mara mbili wakidhani kuna kosa la uchapaji.

Wiki ya sita mapumziko yanarudi kwa siku mbili, kama vile kuaga, halafu hayarudi tena. Wiki ya saba ni dakika 25 kila kipindi, ya nane ni 28, ya tisa ni 30.

Mapumziko yaliyoficha tofauti

Yale mapumziko ya kutembea yalikuwa yanafanya kazi mbili. Moja ni kumpa mkimbiaji nafasi ya kuvuta pumzi. Ya pili haikuandikwa kwenye karatasi: yalikuwa yanawarudisha pamoja watu wawili wenye kasi tofauti.

Mume akitangulia mita 15 ndani ya dakika moja, anageuka, anamngoja mkewe, wanatembea wote na stori inaendelea. Hakuna anayehesabu. Mapumziko yakiondolewa, mahali pa kungojana panapotea.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfano wa wanandoa ambao mmoja anakimbia kilomita moja kwa dakika 6 na mwingine kwa dakika 7 na nusu. Ni tofauti ya kawaida kabisa. Baada ya dakika 10 tu, wa kwanza yuko mbele kwa zaidi ya mita 330. Baada ya dakika 30, mmoja amefika kilomita 5 na mwenzake yuko kilomita 4. Kilomita nzima iko katikati yao, na walitoka nyumbani wakisema wanakwenda kukimbia pamoja.

Tofauti hiyo si lazima iwe uvivu wa mtu. Hata kileleni mwa mchezo huu ipo. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 5,000 ni ya Joshua Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia dakika 12 na sekunde 35.36 mjini Monaco mwaka 2020. Ya wanawake ni ya Beatrice Chebet wa Kenya, dakika 13 na sekunde 58.06, aliyoiweka Eugene, Marekani, mwaka 2025. Kati ya binadamu hao wawili hakuna mvivu, na bado kuna zaidi ya dakika 1 na sekunde 20.

Nyumbani mambo ni mengi zaidi ya jinsia. Kuna uzito, kuna umri, kuna aliyecheza mpira shuleni na ambaye hakuwahi kuvaa bukta tangu kidato cha pili. Kuna aliyelala saa 7 bila kukatishwa na aliyeamka mara tatu kunyonyesha. Huyu wa mwisho akiwa nyuma kwa mita 300 saa 12 asubuhi, jambo la kushangaza si kwamba yuko nyuma. Ni kwamba ametoka kabisa.

Wapo pia wengi ambao mke ndiye aliye mbele. Hao wana shida yao, itafikiwa.

Neno "tangulia"

Dalili ya kwanza kwamba mambo hayako sawa huwa ni neno moja. Mke yuko nyuma, anahema, mume anageuka kila baada ya hatua kumi. Mke anasema: "Baba watoto, wewe tangulia tu."

Neno hilo lina maana zaidi ya moja na kila aliyeoa anajua. Linaweza kumaanisha kweli kwamba atangulie. Linaweza kumaanisha "acha kunigeukia, unanitia aibu". Linaweza pia kuwa la mtu anayetafuta njia ya kuacha kimyakimya, kwa sababu mwenzake akishapotea kwenye kona ataanza kutembea, na wiki ijayo atasema mguu unamuuma.

Mume naye anajibu kwa nia njema: "Jikaze kidogo tu, tumebakiza dakika kumi!" Tatizo la "jikaze" ni kwamba anayeambiwa ameshajikaza tangu dakika ya tatu. Hata "pole" inabadilika ladha ikitoka kwa mtu ambaye hahemi.

Na mtaa hauko kimya. Dereva wa bodaboda anapita na kupaza sauti, "Mzee, umemwacha mama huku!" Watoto wa jirani wanamkimbilia mama hatua chache, wanampita, wanacheka. Yote ni mzaha, lakini mzaha unaorudiwa siku tatu kwa wiki unachosha kuliko kilima.

Hapo ndipo swali la kichwa cha habari linapopata jibu. Wakiamua kwamba leo wanakimbia pamoja, basi kasi ni ya aliye nyuma. Haipigwi katikati. Katikati ni kasi ambayo mmoja anaona polepole na mwingine inamwua, na huyo anayeuawa ndiye atakayeacha.

Kwa aliye mbele, hili linaweza kuonekana kama kupoteza mazoezi. Si hivyo. Wanariadha wa mbio ndefu, wakiwemo wa Iten nchini Kenya, hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki kwa mwendo wa taratibu, na kasi huiwekea siku zake. Mtu aliyeanza kukimbia miezi miwili iliyopita hana mwili wa kudai zaidi ya hapo. Moyo na mapafu huzoea haraka. Kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana wiki ya saba mtu anaweza kujisikia ana pumzi ya kutosha, huku ugoko unaanza kumuuma.

Kuongoza mwendo wa mtu mwingine ni kazi yenye heshima. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwongozea kasi, waliopokezana kwa zamu. Mmoja wao alikuwa Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016, mtu ambaye kwa umbali mfupi ana kasi kubwa kuliko ile iliyokuwa inakimbiwa siku hiyo. Hakukuwa na aliyekwenda kuonyesha miguu yake. Walishika mwendo walioambiwa, na mwisho kabisa walibaki nyuma ili mwenye siku amalize peke yake mbele.

Anayeongoza mwendo nyumbani ana kipimo kizuri zaidi ya saa, nacho ni maongezi. Mkimbiaji anayeanza anapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Mume anasimulia mambo ya ofisini tangu dakika ya nne, na mke anajibu "mh" tu? Mke si kwamba amechoshwa na stori. Hana hewa. Mwendo upunguzwe mpaka naye aanze kulalamika kuhusu mwalimu wa mtoto.

Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam na Zanzibar vinalijua hili bila kulipa jina. Alfajiri za mwisho wa wiki wanapita barabarani kwa nyimbo, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kundi linalokwenda kwa kasi ya kuweza kuitikia haliachi watu njiani kirahisi.

Anayelalamika kwamba kukimbia polepole kunamwumiza magoti, mara nyingi amepunguza mwendo huku hatua zake zikiwa ndefu vilevile. Afupishe hatua. Miguu iende haraka, umbali wa kila hatua uwe mdogo, na mguu utue chini ya mwili badala ya mbele yake.

Kinachofichwa na mama

Kuna jambo moja ambalo wanandoa wengi hawaliongelei, na ambalo hujitokeza hasa wiki hizi za mwisho.

Mama aliyejifungua anaweza kukimbia sekunde 60, dakika 3, hata dakika 5 bila shida. Mapumziko ya kutembea yanaipa nafuu misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu. Dakika 20 au 25 za kukanyaga mfululizo ni kitu kingine. Misuli inachoka, na mkojo unaanza kuvuja kidogo kidogo.

Hatasema. Atasema tumbo linauma, au raba zinambana, au leo hajisikii. Atabadilisha suruali nyepesi na kuanza kuvaa trakisuti nyeusi. Ataacha kunywa maji kabla ya kutoka, jambo ambalo kwenye joto la Pwani ni hatari ya peke yake. Na mume, ambaye anaona tu mtu aliyekuwa anaendelea vizuri ameanza kuzembea, ataongeza "jikaze" juu yake.

Kuvuja mkojo baada ya kuzaa ni kawaida kwa maana kwamba kunawapata wanawake wengi. Si kawaida kwa maana ya kuachwa kuendelea. Kuna mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo, na mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga anaweza kuyaelekeza. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza unashauri mama asubiri angalau miezi 3 baada ya kujifungua kabla ya kurudi kukimbia. Hata baada ya hapo, akiona mkojo unavuja, akihisi uzito ukeni kama kitu kinashuka, au akipata maumivu ya nyonga, achunguzwe kwanza.

Miezi 3 ni ya chini kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji, au aliyechanika vibaya, anaweza kuhitaji zaidi, na hilo aliulize kliniki, si kwenye kundi la WhatsApp.

Mume anafanya nini hapa? Si lazima aulize swali la moja kwa moja katikati ya barabara. Anaweza kuchagua njia inayopita karibu na choo, msikitini, kituo cha mafuta au kwa ndugu. Anaweza kusema mapema kwamba wakitembea dakika mbili katikati hakuna kilichoharibika. Na anaweza kuwa na taarifa hii kichwani, ili siku mkewe akianza sentensi na kuishia njiani, asimlazimishe kuimalizia kwa uongo.

Baba naye anapoachwa

Sasa upande wa pili. Mke ni mwepesi, hanywi, anatembea kwenda sokoni kila siku na kupanda ngazi na ndoo. Mume ana kitambi cha miaka kumi ya kiti cha ofisi. Wiki ya saba mke yuko mbele na wala hahemi.

Baadhi ya wanaume hulipokea kwa kicheko. Wengine ghafla wanapata kazi nyingi kila Jumatano asubuhi. Lakini walio hatarini zaidi ni wale wasioacha na wasiokubali kupunguza. Wanakimbia na meno yameumana, wakimfuata mke kwa nguvu zote, na wengine kati yao walianza mazoezi haya kwa sababu daktari alisema presha iko juu.

Maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, kukosa pumzi kusikoendana na mwendo, maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya: hayo si ya kujikaza. Ni ya kusimama, kukaa na kutafuta hospitali. Mwenye presha, kisukari au historia ya moyo anatakiwa aongee na daktari kabla ya wiki ya kwanza, na kama hakufanya hivyo, kabla ya wiki ya sita bado ni bora kuliko kutofanya.

Mke aliye mbele ana kazi ileile ya kuongoza mwendo, ila kwa uangalifu zaidi. Akimwambia mumewe mbele ya watu, "Ngoja nipunguze, baba watoto amechoka," ameshampoteza. Apunguze tu bila tangazo.

Njia na giza

Kuna wanaoshauri kila mtu akimbie kivyake, basi. Kwa wanaume ushauri huo ni mwepesi. Saa 11 alfajiri Dar es Salaam bado ni giza mwaka mzima, na wanawake wengi wanatoka saa hiyo kwa sababu tu mume yuko pembeni. Kuna vibaka, kuna mbwa, kuna magari yasiyo na taa. Mume akitangulia mita 330, mke hakimbii tena na mwenzake. Anakimbia peke yake gizani.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kasi, wazungumzie njia.

Siku za giza, au kwenye barabara isiyo na watu, wakimbie bega kwa bega kwa kasi ya aliye nyuma. Hapo hakuna mjadala.

Siku za mwanga, kuna ujanja mdogo unaofaa sana wiki ya saba hadi ya tisa. Wote wanaanza pamoja kwenye barabara iliyonyooka, kila mtu kwa kasi yake. Dakika zikifika nusu, yaani dakika ya 15 kwa kipindi cha dakika 30, kila mmoja anageuka alipo na kurudi. Aliyekwenda mbali ana safari ndefu ya kurudi, aliyekwenda karibu ana fupi. Wakishika mwendo uleule, wanafika walipoanzia kwa wakati mmoja. Dakika za mwisho aliye nyuma anasikia nyayo za mwenzake zikimkaribia, badala ya kuangalia mgongo wake ukiishia.

Wenye uwanja wa shule karibu wana nafuu zaidi. Kwenye mzunguko wa mita 400, wale wawili wa dakika 6 na dakika 7 na nusu wanakutana kila baada ya dakika 12, na hakuna anayetoka machoni mwa mwenzake. Kuzunguka kunachosha akili, ni kweli. Lakini mtoto mwenye baiskeli anaweza kuzunguka nao, na bibi anaweza kukaa na kiti pembeni.

Watoto wanabaki na nani?

Swali hili huwa halionekani wiki ya kwanza kwa sababu vipindi ni vifupi. Wiki ya tisa, ukijumlisha dakika 5 za kutembea mwanzoni, 30 za kukimbia na nyingine 5 za kupoa, ni dakika 40, bila kuhesabu kufunga kamba na kutafuta ufunguo. Asubuhi ya shule, dakika 40 za wazazi wote wawili kuwa nje ni nyingi.

Wenye dada wa kazi wanamwachia. Si vibaya, ila ajulishwe kwamba siku hizo anaamka mapema na apunguziwe kitu kingine, maana mazoezi ya tajiri yasiwe usingizi wa mwingine.

Wasio na mtu wa kubaki na watoto wanaweza kugawana siku. Programu inataka siku 3 zenye mapumziko katikati, hivyo mama anachukua Jumatatu na Jumatano, baba anachukua Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi wanakimbia wote wawili, watoto wakiwa kwa bibi au uwanjani na baiskeli zao. Wanandoa wenye kasi tofauti sana wanaweza kugundua kwamba mpangilio huu unawafaa kuliko ule wa kukimbia pamoja siku zote tatu. Kila mmoja ana siku mbili za kasi yake, na siku moja ya mwenzake.

Na kuna kuachana kwa wiki. Mmoja anapata malaria, au anasafiri, au zamu ya usiku inamwangukia. Mwenzake anafika wiki ya nane yeye akiwa ya sita. Hapa kishawishi ni kuruka ili wawe sawa. Asiruke. Wiki inaweza kurudiwa mara mbili, hata tatu, na ratiba haina hasira. Siku yao ya pamoja wanatembea wote zile dakika 5 za mwanzo, kila mmoja anafanya kipindi chake, na wanakutana tena kwenye dakika 5 za kupoa. Dakika hizo 10 zinawezekana kwa wote, wa dakika 6 na wa dakika 9, na kwa nyumba yenye watoto watatu huenda ndizo dakika 10 pekee za siku ambazo hakuna anayewakatisha.

Wiki ya tisa na baada yake

Wiki ya mwisho kuna jambo la kukubaliana mapema: nani amemaliza?

Jina la programu linataja kilomita 5, lakini ratiba inahesabu dakika 30. Kufika kilomita 5 ndani ya dakika 30 ni kukimbia kila kilomita kwa dakika 6, na wanaoanza wengi hawafikii mwendo huo. Mke aliyefika kilomita 4 kwenye dakika ya 30 amemaliza sawasawa na mume aliyefika 5. Wasipolisema hili kabla, siku ya mwisho mmoja atapiga picha ya saa yake na kuituma kwenye kundi la ukoo, na mwingine atabaki akijibu maswali ya shangazi.

Anayetaka kilomita 5 kamili hana haja ya kuongeza kasi. Aongeze dakika 2 kila wiki kwa mwendo uleule, na akihitaji, atembee kipande cha mwisho.

Halafu inakuja Jumatatu ya wiki ya 10, ambayo haimo kwenye karatasi. Hakuna anayesema wafanye nini, na ni rahisi mno kulala. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu dakika 75 hadi 150. Vipindi vitatu vya dakika 30 ni 90, kwa hiyo wanachohitaji ni kubaki palepale walipofika, wala si kuongeza. Karatasi ya friji igeuzwe kabla ya kipindi cha mwisho, nyuma yake ziandikwe siku zilezile tatu na jina la anayekimbia kila siku.

Wengine hupenda kuwa na tarehe mbele. Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, inayofanyika karibu na mwisho wa Februari kila mwaka, ina mbio za kilomita 5 pamoja na zile ndefu, na watu wa kila umri huingia. Wakijiandikisha, waamue nyumbani kama watavuka mstari pamoja au kila mmoja kwa muda wake. Yote mawili ni sawa, ila yasijadiliwe kwenye kilomita ya nne mbele ya watu. Na wakiamua kila mmoja kivyake, atakayetangulia kufika asiende kwanza kutafuta supu. Asimame pale kwenye mstari na chupa ya maji ya mwenzake, na simu iwe na chaji ya kupigia picha.